Imeisha au Imekatika? Namna ya Kuuelewa Mwisho wa Filamu Usiosema Kila Kitu

Kabla hujalalamika kwamba filamu haina mwisho, hakikisha kwanza kwamba uliifikisha mwisho. Naanza na jambo dogo namna hii kwa sababu ya njia zinazotuletea filamu huku kwetu Waa, Kwale, na kwa jirani zetu wa Ng'ombeni, Tiwi na Matuga. Nakala hutoka kwenye simu ya mtu, ikaingia kwenye fleshi, ikahamia kwenye kompyuta ya kibanda cha video, na katika safari hiyo mara nyingi hukatika mkia. Tazama dakika zake. Nairobi Half Life ya Tosh Gitonga ina dakika 96. Les Quatre Cents Coups ya Mfaransa François Truffaut ina dakika 99. Ikiwa nakala yako imeishia dakika ya 80, usijisumbue kufasiri. Tafuta nakala nzima. Na majina yakianza kupanda, usizime. Kuna waelekezi wanaoweka neno lao la mwisho baada ya majina, na hata wasipoweka, muziki unaosikika pale umechaguliwa na mtu aliyekuwa na sababu.

Ukishajua kwamba umeiona yote na bado swali limekukaa kooni, hapo ndipo mwongozo huu unapoanza kukufaa. Nazungumzia filamu za aina moja: zile zinazomfuata mtoto au kijana mpaka anapovuka kuingia utu uzima. Zina tabia ya kutuacha njiani. Kijana anafika baharini, au jukwaani, au mbele ya bunduki za polisi, na skrini inakuwa nyeusi. Mtazamaji huona amedhulumiwa. Naamini mara nyingi hajadhulumiwa. Ameuliza swali ambalo filamu haikukusudia kulijibu, na jibu la lile iliyolikusudia limepita mbele ya macho yake.

Kwanza tukubali namna tulivyolelewa na sinema. Vibandani tulifundishwa kanuni moja: steringi hafi. Adui mkubwa anaangushwa mwishoni, steringi anaondoka na msichana, watu wanasimama kukung'uta vumbi wakijua wamepata walichokilipia. Kisha wakaja wasimulizi. Hapa Kenya DJ Afro ametutafsiria filamu nyingi za ng'ambo kwa Kiswahili kilichochanganyika na Sheng. Tanzania walikuwa na Lufufu. Uganda wana mavijei wao wanaosimulia kwa Kiganda. Hiyo ni sanaa, na ninaiheshimu, kwa kuwa imewafungulia sinema watu ambao lugha ya kigeni ingewafungia nje. Lakini msimulizi hawezi kunyamaza. Kazi yake ni kuujaza ukimya. Na mwisho wa filamu za ujana aghalabu umejengwa kwa ukimya. Msimulizi akitamka kwamba kijana sasa ameijua dunia, amekwisha kukuchagulia maana moja kati ya tatu au nne zilizokuwa zikikungoja. Kwa hiyo filamu ya aina hii ione bila msimulizi, au walau izime sauti yake katika dakika kumi za mwisho.

Shule nayo imetujenga kwa namna yake. Waliosoma sekondari wakati Siku Njema ya Ken Walibora ikitahiniwa wanamkumbuka Kongowea Mswahili, aliyetoka Tanga kumtafuta baba yake Kenya, akampata. Ni riwaya niipendayo na mwisho wake unaridhisha kwa haki. Tatizo ni mazoea yaliyotubakia baada ya mtihani: kwamba kila mwisho una jibu, na jibu lina alama zake. Tumesahau kwamba katika fasihi simulizi, somo hilohilo, tulifundishwa pia ngano za mtanziko. Ngano hizo zimesimuliwa Afrika nzima. Msimulizi anamfikisha mhusika mahali pagumu, kisha anawaachia wasikilizaji wabishane nani ana haki na lipi lingefanywa. Wazee wetu hawakuona kasoro kuondoka barazani uamuzi haujapatikana. Mwisho ulioachwa wazi, basi, si mgeni kwetu. Sisi ndio tumeacha kuuzoea.

Sasa kanuni yenyewe, na ukiisahau mengine yote katika makala hii, ibakie hii. Mwisho ulioachwa wazi hauachi kila kitu wazi. Huacha jambo moja, pengine mawili, na mengine yote huwa umeyafunga. Kazi ya mtazamaji ni kutenganisha kilichofungwa na kilichoachwa. Katika filamu za ujana, kinachoachwa mara nyingi ni tukio: atakamatwa? atarudi nyumbani? wataoana? Kinachofungwa ni badiliko: kijana huyu hawezi tena kuwa yule tuliyemkuta mwanzoni. Ukiling'ang'ania tukio, utaondoka na njaa. Ukilitafuta badiliko, utagundua sahani ilikuwa imejaa.

Nitakuonyesha kwa Les Quatre Cents Coups, kwa kuwa ndiyo mama wa miisho ya namna hii na kwa kuwa inaishia baharini, mahali ambapo mtu wa Waa hahitaji kuelezwa. Ilitoka 1959 na ikampa Truffaut tuzo ya mwelekezi bora Cannes mwaka huohuo. Antoine Doinel, aliyechezwa na Jean-Pierre Léaud, ni mtoto wa Paris anayeishi na mama yake na baba wa kambo katika nyumba finyu. Shuleni haelewani na mwalimu. Anatoroka masomo, anadanganya kwamba mama yake amefariki, anaiba taipureta ofisini kwa baba wa kambo na kukamatwa akiirudisha. Anapelekwa kituo cha watoto watukutu. Siku moja, wenzake wakicheza mpira, anapenya chini ya uzio na kukimbia.

Hatua ya kwanza ni kusimulia dakika za mwisho kama ulivyoziona, bila kutumia neno "maana yake" wala "kwa sababu". Mwambie mtu ambaye hajaiona, au andika. Hivi: Antoine anakimbia. Kamera inakwenda naye kwa muda mrefu na hakuna anayesema neno. Anashuka ngazi hadi ufukweni. Mchanga ni mpana na umelowa. Anayafikia maji, viatu vyake vinaingia. Anageuka, anatembea hatua chache kuja upande wetu, anatutazama. Picha inaganda. Uso unasogezwa karibu, kisha basi.

Hatua hii inaonekana ya kitoto lakini ndiyo wanayoiruka wengi, nayo huokoa mabishano mengi. Nimesikia watu wakiapa kwamba Antoine analia pale mwishoni. Halii. Wengine wanasema anatabasamu. Hatabasamu pia. Uso wake hauna jibu, na huwezi kuanza kuufasiri mpaka umekubali kwamba hauna.

Hatua ya pili, rudi mwanzo. Filamu nzuri huuliza swali lake mapema, pengine katika dakika kumi za kwanza, kisha ikalirudia kwa sura mbalimbali. Antoine tangu mwanzo ni mtoto asiye na mahali pake. Darasani anawekwa kwenye kona. Nyumbani analala upenuni mwa mlango. Akitoroka, analala kiwandani. Katikati ya haya yote tunaambiwa kwamba hajawahi kuiona bahari, na kwamba anaitamani. Hata mama yake, alipokuwa mbele ya hakimu, aliomba apelekwe kituo kilicho karibu na bahari. Na alipomtembelea huko, alimpasulia wazi kwamba nyumbani hakuna tena anayemngoja.

Sasa tenganisha. Kilichofungwa: nyumbani hapana tena. Kilichofungwa pia: alichokitamani amekipata, kwa miguu yake mwenyewe. Kilichoachwa ni kimoja tu, nacho ni pa kwenda ukishafika mwisho wa nchi kavu. Filamu haijui, Antoine hajui, na lile jicho linalotuangalia linatuuliza kama sisi tunajua.

Hapa mtu wa pwani ana faida, na ana hatari. Faida ni kwamba bahari anaijua. Kijana mmoja wa hapa kwetu, baada ya kuiona filamu hii, alisema jambo ambalo sijalikuta katika maandishi yoyote: yule mtoto amesimama mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kukaa, kwani maji yakishajaa atalazimika kurudi bara, atake asitake. Ni kauli ya mtu aliyezoea kuhesabu kupwa na kujaa, anayejua kwamba baada ya saa sita hivi mwamba uliotembelewa na wanawake wakitafuta pweza utakuwa umefunikwa. Na ni fasiri sahihi kabisa, kwa kuwa inaafikiana na kila kitu kilichotangulia: Antoine hajawahi kuruhusiwa kukaa mahali popote, na hata bahari haitamruhusu. Hatari ni kuibandika bahari yetu juu ya bahari yake. Kwetu bahari ni kazi, ni ngalawa na nyavu, ni njia ya kwenda Unguja na Pemba. Mwingine kati yetu angeweza kusema Antoine amefika kazini, sasa atakuwa mvuvi. Hilo halimo. Filamu haikutuonyesha popote kwamba anaitamani bahari ili afanye kazi. Leta unachokijua, kisha kipime kwa kile ulichoonyeshwa. Kikisimama, kihifadhi, kikianguka, kiache hata kama ni kizuri.

Utaniuliza kama Truffaut mwenyewe hakuwahi kutoa jibu. Alitoa, kwa namna yake. Alimrudisha Antoine Doinel katika filamu fupi ya 1962, kisha 1968, 1970 na 1979, na kila mara aliyemcheza ni Jean-Pierre Léaud yuleyule, akikua mbele ya macho ya watu. Antoine anapenda, anaoa, anaachana na mkewe. Kwa hiyo anayetaka kujua kilichotokea baada ya bahari anaweza kujua. Lakini zione zote, kisha urudi kwenye ule uso ulioganda. Utaona haujapungua kitu. Habari za baadaye zimejibu swali la tukio, na lile swali la ufukweni limebaki lilipokuwa. Hii ndiyo sababu sikushauri kukimbilia mahojiano ya mwelekezi ili akuambie maana. Yasome baadaye, umsikilize kama mtazamaji mmoja mwenye heshima zake, si kama kadhi.

Tuje nyumbani. Nairobi Half Life ilitoka 2012, ikatengenezwa kwa ushirikiano na One Fine Day Films ya Mjerumani Tom Tykwer, na ndiyo filamu ya kwanza Kenya kuwahi kuipeleka kushindania Oscar ya lugha ya kigeni. Joseph Wairimu anamcheza Mwas, kijana wa mashambani anayeuza filamu kwa kuziigiza mbele ya wateja, akiruka na kupiga milio ya bunduki kwa mdomo. Anataka kuwa mwigizaji. Anakwenda Nairobi, anaporwa siku ya kwanza, anatupwa seli, na huko anakutana na Oti, ambaye Olwenya Maina alimcheza kwa namna isiyosahaulika. Oti anamwingiza katika genge la kuiba vipuri vya magari. Wakati huohuo Mwas anafanya majaribio ya uigizaji na kupata nafasi katika mchezo wa jukwaani. Maisha yake yanagawanyika: mchana mazoezi, usiku wizi. Mwishoni polisi wala rushwa wanawamaliza rafiki zake, Oti akiwemo, na Mwas anaponyoka kutoka kwenye damu ile mpaka jukwaani, siku ya onyesho.

Baada ya kuiona filamu hii, watazamaji hugawanyika pande tatu, na nimezisikia zote. Wa kwanza husema ameokoka: sanaa imemtoa kwenye uhalifu. Wa pili husema ameisha: polisi watamfuata, ule ni usiku wake wa mwisho. Wa tatu husema hajaokoka wala hajaisha. Amekuwa watu wawili na ataishi hivyo.

Utachaguaje? Si kwa kura, wala kwa anayepaza sauti. Chukua kila fasiri uiulize imetumia vipande vingapi vya filamu, na vipi imelazimika kuvificha. Fasiri ya wokovu inatumia mwanzo na mwisho, lakini inaficha katikati. Mwas hakuburutwa katika wizi kwa kamba. Genge lilipopanda kutoka vipuri hadi magari mazima, yeye hakuwa nyuma, na alilifurahia pato lake. Fasiri ya kifo inatumia kile tunachokijua kuhusu polisi wa filamu ile, na pia hofu yetu ya nje ya filamu, hofu ya kila mzazi aliyewahi kusikia kwamba kijana fulani alichukuliwa usiku. Ni hofu ya haki. Ila kama mwelekezi alitaka kutuonyesha mwisho wa Mwas, alikuwa na nafasi ya kumuua pamoja na wenzake, akaamua kumtoa. Fasiri ya tatu inatumia karibu kila kitu. Yule kijana aliyekuwa akiigiza milio ya bunduki asiyoijua, sasa anasimama mbele ya watu akiwa ameisikia ya kweli. Alichokitaka mwanzoni amekipata, amekuwa mwigizaji. Malipo yake ni watu waliompenda, na wale wanaompigia makofi hawajui. Hicho ndicho kilichofungwa. Atalala wapi usiku ule, hilo limeachwa wazi, na mimi silioni kuwa kosa.

Katika mabishano ya aina hii kuna kishawishi cha kusema kwamba kila mtu ana maana yake na zote ni sawa. Usikubali. Fasiri zinaweza kuwa mbili nzuri, hata tatu, na nyingine zikawa mbovu. Aliyesema Antoine analia amekosea.

Kuna njia nyingine ya kujaribu uzito wa mwisho: waza kama ungebadilishwa. Kwa Tsotsi hatuhitaji kuwaza, maana mwelekezi Gavin Hood alipiga miisho tofauti na yote inaweza kuonekana. Filamu hii ya Afrika Kusini, iliyoshinda Oscar ya lugha ya kigeni mwaka 2006, inamhusu kijana mkuu wa genge, aliyechezwa na Presley Chweneyagae, anayeiba gari na kukuta kitoto kichanga nyuma. Katika filamu iliyotolewa, anakirudisha kwa wazazi, polisi wamemzunguka, anainua mikono, na hapo inaisha. Katika mwisho mwingine anapigwa risasi na kufa. Katika mwingine anajeruhiwa na kutoroka. Angalia kisichobadilika: mtoto anarudishwa. Hood aliweza kuicheza risasi atakavyo, lakini kitendo cha kumtoa mtoto mikononi na kumkabidhi kwa baba yake hakukigusa. Hapo ndipo alipokuwa ameifungia filamu. Athol Fugard, mwenye riwaya iliyozaa filamu hiyo, alikuwa na mwisho mwingine kabisa, ambapo Tsotsi anakufa akijaribu kumwokoa mtoto chini ya ukuta unaobomolewa. Na hata huko, kijana asiyejali uhai wa mtu anamalizikia kuujali mmoja kuliko wake.

Jaribio hilohilo litakusaidia kuutambua mwisho mvivu, kwani na huo upo. Kuna waelekezi wanaokata tu kwa sababu fedha zimeisha au mawazo yameisha, kisha wakauita utata. Ukiona unaweza kuitoa picha ya mwisho na kuweka nyingine yoyote, mtu akitembea, jua likizama, na hakuna kitu kilichopotea, basi filamu haikukuachia swali. Una haki ya kusema imekuangusha. Wala usichanganye mwisho wa huzuni na mwisho wenye fumbo. Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, inamhusu Jo, msichana mdogo mgonjwa ambaye tangu mapema tunajua hatapona, na kijiji kinachoamua kumtengenezea filamu ambamo yeye ni shujaa mwenye nguvu za ajabu. Kuna cha kulia pale, na kuna cha kushangilia, lakini hakuna cha kufumbua. Acha machozi yatoke.

Mwaka huohuo wa 2018 tuliona Kenya mwisho wa filamu ya ujana ukigeuka suala la serikali. Rafiki ya Wanuri Kahiu, iliyotokana na hadithi fupi "Jambula Tree" ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, inawafuata Kena na Ziki, wasichana wawili wa Nairobi, mabinti wa wanasiasa wanaoshindana, ambao wanapendana. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa Cannes. Aprili mwaka huo Bodi ya Kuainisha Filamu iliipiga marufuku. Kahiu alieleza kwamba bodi ilimtaka abadilishe mwisho, ikiuona una matumaini mno na Kena hajutii vya kutosha. Alikataa. Septemba, Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku 7 ili itimize masharti ya Oscar, na watu wakajaza majumba. Hata hivyo, hatimaye filamu iliyopelekwa Oscar kwa niaba ya Kenya ilikuwa Supa Modo.

Najua msomaji wa Kwale ana msimamo wake juu ya mada ya filamu ile, na sikumwita hapa kumhukumu. Ninachotaka akione ni namna bodi ilivyosoma. Rafiki inaishia baada ya miaka kupita. Kena anafanya kazi hospitalini, na filamu inafungwa kwenye kukutana tena, bila kueleza nini kitafuata. Hakuna harusi, hakuna ushindi, hakuna hotuba. Na bado maofisa waliuona mwisho huo mzito kiasi cha kutaka uondolewe. Walikuwa wasomaji makini kuliko wanavyopewa sifa: walijua kwamba tukio limeachwa wazi lakini badiliko limefungwa, kwamba msichana yule hajavunjika. Walichokitaka ni adhabu. Na hapa nakuomba ujichunguze unapouona mwisho wowote unaokukera. Je, filamu imeshindwa kusema, au imesema na wewe ulitaka kijana aadhibiwe, au atuzwe, ili usilale ukiwaza? Hayo ni malalamiko mawili tofauti, na la pili linakuhusu wewe.

La mwisho ni namna ya kuona pamoja, maana filamu za namna hii hazikutengenezwa zitazamwe na mtu peke yake chini ya shuka, simu mkononi. Shule zetu zina vilabu, na tamasha la kitaifa la maigizo ya shule siku hizi lina filamu ndani yake. Vijana wanatengeneza filamu fupi zao wenyewe na wanahitaji kujua namna ya kuzimaliza. Kukodi projekta, ukuta mweupe na mkeka kunatosha. Chagua muda ambao hautagongana na sala, na uwaambie wazazi mapema filamu inahusu nini, kwani mzazi aliyeshtukizwa hatamruhusu mtoto mara ya pili.

Filamu ikiisha, usiwashe taa haraka wala usianze na swali la funzo. "Tumejifunza nini?" ni swali linalofunga vinywa, kwa kuwa kila mtoto anajua jibu linalotakiwa: tuwe na bidii, tuepuke marafiki wabaya. Anza na "mmeona nini?" na uwaache wakosoane. Aliyesema Antoine ameruka majini atasahihishwa na wenzake, na katika kusahihishana watakuwa wameirudia filamu yote. Kisha uliza: mwanzoni kijana huyu alitaka nini, na amekipata? Swali la "sasa itakuwaje" liweke la mwisho kabisa, hata likikosa muda si hasara.

Na wa kwanza kusema awe mdogo kuliko wote. Katika baraza zetu mkubwa hutangulia, na hilo lina hekima yake, lakini mbele ya filamu huwa sumu. Mzee akishasema Mwas ni mhalifu na atavuna alichopanda, hakuna binti wa miaka 15 atakayenyoosha mkono kusema aliona kitu kingine. Wasichana hasa, wape nafasi kabla ya kaka zao. Filamu nyingine unayoweza kuwaonyesha ni Subira ya Ravneet Chadha, inayomhusu msichana wa Lamu anayetaka kuogelea baharini katika jamii isiyomruhusu. Mabinti wa hapa watakuwa na mengi ya kusema ambayo mwelekezi mwenyewe pengine hakuyafikiria.

Kwa hiyo wewe mwalimu, wewe mama, wewe kaka mwenye fleshi: baada ya filamu, kaa kimya wewe kwanza. Kama una jibu lako, lishike mpaka wote wamalize, na wakikuuliza ulionaje, waambie ukweli wako bila kuufanya kuwa uamuzi.